Rafiki Yangu Aliitika Jina Langu Nikiwa Ndani ya Moto

Nina miaka kumi na tisa. Naishi na mama hapa Tunduma, kwenye nyumba za juu kidogo ya barabara kuu, pale ambapo foleni ya malori ya kwenda Zambia inafika mpaka milangoni kwa watu. Mwaka jana nilikuwa mwanachuo. Leo namsaidia mama kupepeta na kuchambua maharage ya kuuza sokoni.

Naandika kwa sababu kuongea kumekuwa shida. Moshi uliniharibu koo... na hata kabla ya moshi sikuwa msemaji. Jina la rafiki yangu nimelibadilisha, ingawa yeye langu hakulihurumia.

Mimi ni Upendo Simwinga. Hilo ndilo la shuleni. Nyumbani naitwa Namwinga, maana kwetu Wanamwanga baba akiwa Simwinga basi binti yake ni Namwinga. Mama hajawahi kuniita Upendo hata siku moja.

Nilizaliwa na aibu. Nilisoma msingi huko Chitete, wilaya ya Momba, na nilipopelekwa Vwawa kuanza kidato cha kwanza, Kiswahili changu kilikuwa bado kina harufu ya Momba. Siku ya kwanza mwalimu aliita majina, nikaitika. Mvulana mmoja nyuma akaiga nilivyoitika. Darasa zima likacheka, mwalimu naye akacheka. Kuanzia siku ile nikiitwa jina, sauti ilikuwa inakwama kooni kama mwiba wa samaki.

Niliyekaa naye dawati moja ndiye aliyeniokoa. Anitha. Alikuwa mrefu, mcheshi, hana woga na mtu. Asubuhi ya pili nilipoitwa nikabaki kimya, akasema kwa sauti, "Yupo mwalimu, ameitika ila masikio yenu ndiyo mabovu." Watu wakamcheka mwalimu badala ya kunicheka mimi.

Mnaweza kuelewa nilivyompenda?

Tangu hapo Anitha ndiye aliyekuwa mdomo wangu. Dukani aliniagizia, kwa mwalimu aliniombea ruhusa, na tumbo la mwezi likinibana ndiye aliyekwenda kumwambia matroni. Jina langu likiitwa, ni yeye aliyeitika. "Yupo." Ilifika mahali hata nikiwa na sauti sikujisumbua.

"We Upendo, nikifa leo utaishije?" aliniuliza siku moja huku ananisuka.

"Na mimi nitakufa," nikamjibu. Tukacheka.

Mama naye alimpenda. Akija kututembelea alibeba vyakula viwili, sawa kwa sawa. Alikuwa akisema, "Mungu alimnyima Namwinga mdomo, akampa Anitha."

Tulipomaliza kidato cha nne tukaomba chuo kimoja, hiki cha hapa kando ya barabara, kozi ya uwakala wa forodha. Tukapata. Tukapangiwa chumba kimoja hosteli ya wasichana, yeye kitanda cha chini, mimi cha juu. Nilidhani maisha yameninyookea...

Hosteli ile ilikuwa jengo refu lenye madirisha ya nondo. Mlango wa nyuma ulifungwa kwa kufuli muda wote, kwa sababu wasichana walikuwa wakitoroka kwenda muziki Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Palibaki mlango mmoja wa mbele.

Tunduma ni baridi, mnajua. Maji ya asubuhi yanakata kama wembe. Anitha akanunua hita ya kuchemshia maji, ile ya waya wa kuzungusha unayotumbukiza kwenye ndoo. Chuo kilikataza. Ukikutwa nayo unafukuzwa. Matroni alikuwa akipita kukagua vyumba, lakini sisi wanafunzi tulikuwa na ujanja wetu: mwenzako anakufungia kwa kufuli la nje. Matroni akiona kufuli linaning'inia anajua hakuna mtu ndani, anapita. Waliotaka kulala vipindi vikiendelea walifungiwa hivyo, na waliokuwa na cha kuficha nao walifungiwa hivyo hivyo. Hakuna aliyewahi kuona ubaya wake.

Sasa niwaeleze habari ya zoezi la dharura, maana ndilo lililotaka kunizika.

Kuna lori la mafuta liliwahi kuwaka moto barabarani, karibu na uzio wa chuo. Watu waliogopa sana. Viongozi wakasema lazima tujifunze kujiokoa. Ukigongwa ule ringi wa lori uliotundikwa mtini, ndiyo kengele yetu, wote mnakimbilia uwanja wa netiboli. Pale kuna kibao kimeandikwa "Mahali pa Kukusanyikia". Matroni anaita majina ya hosteli nzima, kila mmoja anaitika, na asiyeitika ndiye anayetafutwa ndani. Kizuri, si ndiyo?

Zoezi la kwanza tulichelewa. Mkuu wa chuo alikuja na mgeni anayepima muda kwenye simu, na matroni akasemwa mbele yetu. Alipotuita jioni alikuwa amevimba. "Zoezi lijalo, hosteli hii ikinitia aibu, mtasafisha vyoo vya wavulana mpaka mkome."

Zoezi la pili watu wakajipanga. Aliyekwenda sokoni akaitikiwa, na aliyekuwa bafuni pia. Yupo, yupo, yupo... Majina yaliisha kabla vumbi halijatulia. Mgeni akapiga makofi, matroni akapewa soda, akainywa amesimama huku anatabasamu. Mimi nilikuwepo siku ile, nimesimama ubavuni mwa Anitha, na bado ndiye aliyeniitikia. Matroni hakuinua uso kuangalia.

Tulifundishwa kujiokoa, tukajifunza kudanganya haraka.

Na ile mitungi myekundu ya kuzimia moto? Ilitundikwa ukutani muda mfupi tu. Wavulana wakaichezea, wakarushiana lile povu, basi ikafungiwa stoo.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Nilikuwa na malaria. Umeme ulikatika tangu alfajiri na simu yangu ilikuwa imezima. Siku iliyotangulia nilikuwa nimemwambia mama naumwa, akasema atakuja na uji wa ulezi akitoka sokoni.

Anitha alikuwa na miadi. Kuna kijana alikuwa anatoka Mbeya kuja kumwona. Alitumbukiza hita kwenye ndoo yenye maji kidogo ya kuogea, akachomeka, akakaa kusubiri umeme. Umeme haukurudi. Akachoka, akajifuta na maji ya baridi huku anatukana, akavaa.

"Chomoa hiyo," nikamwambia toka kitandani.

"Niache. Umeme ukirudi nikute maji ya moto."

"Mimi nina homa, nitasinzia."

"We naye kwa uoga... Ndoo itakula mtu? Si upo utaangalia." Akajitazama kwenye kioo, akapaka mafuta mdomoni. "Nakufunga. Leo matroni anakagua."

Nilisema, "Usinifunge." Nilisema kweli. Lakini ninyi mnaijua sauti yangu.

Nikasikia kufuli linabana. Nikalala.

Kilichoniamsha ni joto la mgongoni na harufu ya plastiki. Umeme ulikuwa umerudi, maji yameisha, ndoo imeyeyuka, na godoro la Anitha chini yangu linawaka. Niliruka, nikaanguka vibaya, mguu ukateguka. Nikajikokota mpaka mlangoni, nikavuta. Ukagoma. Nikakumbuka.

Nje ringi ulikuwa unagongwa kwa fujo. Miguu ya wenzangu ilikuwa inapita mbele ya mlango wangu, yote, mbio, nikaiona kwenye upenyo wa chini. Nilipiga mlango kwa ngumi, nikapiga kelele. Nasema kelele... zilitoka kama za mtoto wa paka. Nikasikia msichana mmoja anauliza, "Humu je?" Mwingine akamjibu, "Si unaona kufuli? Hawapo. Twende."

Wakaenda.

Sikuwahi kusikia ukimya kama ule uliofuata. Ulikuwa ukimya wenye moto ndani yake.

Nilimwagia kanga maji ya kunywa yaliyobaki kwenye chupa, nikajifunga puani, nikatambaa mpaka dirishani upande wa nyuma. Nikajipa moyo. Nikasema sasa hivi wataita majina. Watafika kwangu. Simwinga. Litaitwa, patakuwa kimya, watajua nimo. Mara hii moja kimya changu kitanisaidia.

Yaliyotokea nje niliyasikia baadaye kwa mama, na kwa Tatu, msichana wa chumba cha jirani ambaye baba yake ni mfanyabiashara wa hapa mjini. Tatu alikuwa amesimama karibu kabisa na Anitha.

Anitha hakuwa amefika mbali. Ringi ulipogongwa alikuwa getini bado anamsubiri yule kijana wa Mbeya. Alirudi mbio pamoja na watu. Tatu anasema alikuwa ameingiza mkono mfukoni mwa sketi, amekamata kitu, hakuutoa. Matroni akaita majina. Likafika langu.

"Upendo Simwinga."

Kimya.

"Simwinga."

Na Anitha akasema, "Yupo."

Ufunguo ulikuwa mkononi mwake.

Matroni akaendelea mpaka mwisho, akampigia simu mkuu wa chuo akamwambia watoto wote wapo, vinaungua vitu tu. Mlinzi alikuwa ameshabeba ndoo ya maji, wakamwambia aache, asijiumize kwa ajili ya magodoro. Aliyekuwa na ufunguo wa stoo ya mitungi alikuwa amekwenda Vwawa. Basi watu wakatoa simu, wakaanza kurekodi.

Walinirekodi nikiungua, wasomaji wangu. Zile video zipo. Unaona jengo, unaona moshi, unasikia watu wanacheka kwamba leo fulani atalala bila shuka.

Mama aliingia getini na chupa yake ya uji akakuta hali hiyo.

"Namwinga wangu yuko wapi?" alimuuliza matroni.

"Mama tulia, tumeshaita majina. Wote wapo."

"Wapo wapi?"

"Hapa uwanjani. Ameitika."

Mama akaangalia ule umati. Akamwona Anitha, akapata nguvu, akamwendea. "Anitha mwanangu, mwenzio yuko wapi?"

Mama anasema Anitha alimtazama usoni. Hakukwepa macho. Akamwambia, "Yupo mama, alikuwa hapa sasa hivi. Labda kaenda chooni."

Huyu ni mama aliyekuwa anampikia sawa na mimi.

"Anaumwa hawezi kusimama, chooni kaendaje?" Mama akamrudia matroni. "Mimi sikufuata jina hapa. Nionyeshe mtoto."

"Mama, tusivurugiane utaratibu."

Mama akaangusha chupa ya uji, akazunguka jengo kwa nyuma huku anaita. Namwinga, Namwinga we... Mimi nilikuwa nimeshakaa chini ya dirisha, kichwa kinazunguka, najiona niko Chitete nateka maji. Nikasikia lile jina. Chuoni hakuna anayelijua. Nikajua ni mama, na kwamba siyo ndoto. Sikuwa na sauti ya kumwitikia. Nikapitisha mkono kati ya nondo.

Aliuona mkono.

Mama yangu alipiga yowe, madereva wa malori barabarani wakaruka uzio. Wao kila gari lina mtungi wake wa kuzimia moto. Mmoja alikuwa Mzambia, mnene, kifua wazi. Akamshika mama mabega akamwambia, "Bamayo," yaani mama kwa lugha yao, "sogea." Wakaling'oa lile dirisha kwa mtaimbo, fremu na nondo zake, wakanivuta. Mgongo na mguu wangu wa kushoto vilikuwa vimeshaungua. Wenzangu wa hosteli walikuwa bado wamejipanga mistari upande wa pili, chini ya kile kibao.

Nililala hospitali muda mrefu. Mgongo uliniuma mpaka nikawa naogopa shuka. Daktari akasema koo litapona kidogo, lakini nisitegemee sauti kama ya zamani. Nilitaka kucheka. Sauti gani ya zamani?

Anitha alikuja kuniona na machungwa. Mama alipotoka kwenda kuchukua dawa, akakaa kitandani kwangu, akanisogelea kama zamani tulipokuwa tunasengenya watu.

Nilitamka kwa midomo tu: ufunguo.

"Niliogopa," akasema. "Ningesema umo ndani, wangeuliza ufunguo anao nani."

Hivyo tu. Kwa hilo tu...

Kisha akanimenyea chungwa. "Usinitaje, Upendo. Baba ataniua. Wewe una mama anakupenda, hata usiposoma utaishi." Nikatikisa kichwa kukataa. Akaliweka lile chungwa juu ya shuka langu, akasimama. "Na hata ukitaka kusema, nani atakusikia?"

Nilipoweza kutembea nikaitwa kikao cha nidhamu. Mama alinisindikiza, wakamwambia abaki nje, haya ni mambo ya wanafunzi. Ndani walikaa mkuu wa chuo, matroni na mshauri wa wanafunzi, na Anitha alikuwa ameitwa kama shahidi. Hakuna aliyeuliza kwa nini mitungi ilikuwa stoo. Hakuna aliyeuliza nani aliitika jina langu. Waliuliza kitu kimoja: hita ilikuwa ya nani?

Nikafungua mdomo. Ukatoka upepo.

"Hatusikii," akasema mshauri.

Nikajaribu tena mpaka nikakohoa damu kidogo kwenye leso. Ndipo Anitha aliposimama kwa adabu, mikono nyuma. "Samahani. Huyu ana aibu toka kidato cha kwanza, mimi ndiye namsemeaga siku zote. Naomba mniruhusu."

Wakamruhusu.

Mnasikia? Wakamruhusu anisemee.

Alilia machozi ya kweli. Akasema hita ilikuwa yangu, alinionya mara nyingi sikusikia. Akasema mimi ndiye niliyemwomba anifungie ili matroni asinikamate. Akasema alipoitika uwanjani alijua nimeshatoka, maana anayempenda mtu kama dada yake anawezaje kumwacha motoni? Hakuna aliyemuuliza ningetokaje kwenye kufuli alilolifunga yeye. Matroni alifuta macho.

Nilinyoosha mkono. Mshauri akaniambia, "Shusha mkono, mwenzako anakusemea." Nikaonyesha kwa vidole nataka kalamu. Akasema nitaandika baadaye. Baadaye niliandika, kurasa na kurasa, mama akapeleka. Jibu likawa kikao kimeshafungwa. Tatu naye alitaka kunitetea, baba yake akamkataza, akamwambia asome amalize.

Nilifukuzwa chuo. Mama aliposomewa barua hakulia. Aliuliza tu kama wana ule mfuko wangu wa nguo. Akaambiwa umeungua.

Anitha alimaliza. Siku hizi yuko ofisi moja ya uwakala kule mpakani, ana kitambulisho kinaning'inia shingoni. Akipita barabarani anampungia mama mkono kwa mbali. Mama anapepeta maharage yake kama hajaona mtu.

Kuna jambo moja Tatu aliniambia, na sijui kwa nini aliniambia. Baada ya mimi kuondoka chuo kilifanya tena zoezi la dharura. Walikuwa hawajalitoa jina langu. Matroni akaita, "Upendo Simwinga." Watu wakatazamana. Halafu mtu mmoja huko nyuma, kwa utani, akasema, "Yupo." Uwanja ukaangua kicheko. Matroni akaita jina linalofuata.

Siku ile nililia kuliko hospitali. Niliona kwamba pale chuoni mimi nitakuwepo daima. Hawana haja na mimi mwenyewe.

Wasichana wenzangu wenye aibu, nawasemesha ninyi kwanza. Najua inavyokwama. Najua raha ya kuwa na mtu anayekutangulia kila mahali. Lakini anayekuitikia leo ukiwepo, ndiye atakayekuitikia siku haupo, na hakuna atakayejua tofauti. Jina lako liitikie mwenyewe, hata kwa sauti ya paka, hata wakucheke. Ukishindwa, nyoosha mkono mpaka wauone. Na mtu yeyote asikufungie mlango kwa nje, awe amekupenda namna gani.

Na ninyi mnaowaitikia wenzenu kwa wema, acheni. Mnawachimbia shimo.

Mama, mpaka leo, akiniita nikaitika, haridhiki. Anaacha ungo, anafuta mikono kwenye kitenge, anakuja mpaka mlangoni ananiangalia. Halafu anarudi kwenye maharage yake.

Ninyi mnaoita majina kwenye viwanja vya vyuo, mfanye kama yeye. Msihesabu sauti. Inueni uso, muwaangalie watu.